Chumba Kipo, Mlango Je?

Msimu wa likizo unapokaribia, ndugu zetu walioko Marekani, Kanada na Uingereza huanza kupanga kuwapeleka wazazi kwenye meli za kitalii: wiki moja visiwa vya Karibiani, au Alaska, au Mediterania. Ikiwa mzazi huyo, au dada, au mtoto, anatumia kiti cha magurudumu, maneno hayakawii kuanza. Wakala ana lake, jirani ana lake, shangazi naye ana lake. Nimeyasikia mengi tangu dada yangu aanze kutumia kiti, na kinachoniudhi ni uhakika ambao watu huyasema nao, ilhali hawajawahi kushika futi wakapima mlango wa chumba cha meli. Nayajibu hapa kwa sababu baadhi yake yanawanyima watu safari, na mengine yanawapeleka kwenye safari watakayoijutia.

“Meli zote za siku hizi zina vyumba vya walemavu. Wewe lipia tu.”

Hili ndilo linaloumiza wengi, kwa kuwa lina ukweli wa kutosha kumfanya mtu atoe pesa. Dada yangu aliwahi kuuziwa chumba ambacho karatasi zote zilisema kinafaa kiti cha magurudumu. Mlango wa kuingilia ulipitika vizuri. Kitanda kilifikika. Shida ilikuwa bafuni: mlangoni kulikuwa na kizingiti cha chuma ambacho gurudumu la mbele liligota kila alipojaribu, na ndani shawa ilikuwa na ukingo mwingine ulioinuka. Safari nzima aliogea kando ya kitanda, kwa beseni na kitambaa, katika meli yenye mabwawa ya kuogelea sitaha ya juu. Alipolalamika alijibiwa kwa adabu kwamba chumba kile kilikusudiwa watu wanaoweza kupiga hatua chache, na kwamba maelezo hayo yalikuwepo. Yalikuwepo kweli, kwa maandishi madogo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua ni kwamba vyumba hivi havifanani. Kampuni ya meli ya Carnival huvigawa mafungu matatu. Kuna vinavyofikika kikamilifu, ambavyo kiti kinaweza kukifikia kitanda pande zote mbili. Kuna vinavyofikika kikamilifu lakini kitanda kinafikiwa upande mmoja tu. Halafu kuna vile vya watu wenye shida ya kutembea ambao hawategemei kiti muda wote, yaani wanatumia fimbo, au wanahitaji tu chuma cha kushikilia. Holland America nayo ina mgawanyo wa namna hiyo. Mtu asiyeweza kusimama kabisa akipewa cha fungu la tatu atakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama wakala alimwambia ukweli mtupu kwamba chumba ni “cha walemavu”.

Jambo la pili ni hesabu ya sentimita. Mlango wa chumba cha kawaida katika meli nyingi una upana wa sentimita 56 hadi 60 hivi. Kiti cha kawaida cha mtu mzima, cha kusukuma kwa mkono, kina sentimita 63 hadi 68 ukipima kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi jingine. Hakuna ujanja wa kuzipatanisha namba hizo mbili. Ukiambiwa “tutakusaidia kuingia”, maana yake ni kwamba utabebwa, na kiti kitakunjwa kifuate nyuma. Chumba kinachofaa kweli kina mlango wenye nafasi ya wazi isiyopungua sentimita 81, na sehemu ya kugeuzia kiti yenye kipenyo cha mita moja na nusu hivi, chumbani na bafuni. Nafasi ya wazi hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Upana wa fremu peke yake haukusaidii, kwa sababu ubao nao unakula nafasi.

Tena makumi machache tu ya vyumba hivyo hupatikana katika meli yenye vyumba elfu moja au elfu mbili na zaidi. Vikiisha vimekwisha. Hotelini meneja anaweza kukuhamishia hoteli jirani. Katikati ya bahari hakuna jirani.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza muuzaji ni haya, na ayajibu kwa maandishi. Mlango wa bafu una sentimita ngapi? Shawa inaingilika kiti kikiwa kinatembea, au kuna ukingo? Kuna kiti cha kukunja ukutani, na vyuma vya kushikilia viko upande gani, wa kulia au wa kushoto? Choo kina kimo gani? Kinachoelekea kufaa ni kati ya sentimita 43 na 48, ili mtu ahame kutoka kwenye kiti bila kupanda wala kudondoka. Chini ya kitanda pana uwazi? Hili husahaulika sana, na anayenyanyuliwa kwa mashine analihitaji, kwa kuwa miguu ya mashine hiyo lazima ipite chini ya kitanda. Kitanda chenye boksi lililofika sakafuni kinaikwamisha. Kutoka kwenda roshani kuna kizingiti, na kama kipo, kuna kiteremko cha kukivukia? Plagi ya kuchajia betri iko karibu na kitanda au nyuma ya meza? Muuzaji asiyejua ana idara ya kumuuliza. Kampuni kubwa zote zina watu wanaoshughulikia mahitaji ya abiria wenye ulemavu, na kwa kawaida wana michoro ya chumba kwa chumba.

“Mtandao umeonyesha hakuna nafasi, basi hakuna.”

Si lazima iwe hivyo. Mara nyingi mitambo ya kubuku haivionyeshi vyumba hivi kwa mteja wa kawaida, au huvionyesha baada tu ya kubonyeza kisanduku fulani kinachosema kwamba msafiri ana ulemavu. Piga simu. Sheria yenyewe imekupa nguvu ya kupiga simu hiyo. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa kanuni za meli za abiria mwaka 2010, na zinasema wazi kwamba vyumba vya aina hii vishikiliwe kwa ajili ya watu wenye ulemavu mpaka vyumba vingine vyote vya daraja hilo viwe vimekwisha kuuzwa. Anayetaka kukichukua lazima aulizwe kama ana ulemavu unaomfanya akihitaji. Na kikishabukiwa na mtu anayekihitaji, ni chake: kitolewe kwenye mtambo, asihamishwe.

Wapo wanaojibu, “Hayo ni ya kwenye karatasi, wazima wanavichukua kwa sababu ni vikubwa.” Wapo wanaofanya hivyo, ni kweli, na ni aibu. Chumba hiki ni kipana kuliko jirani yake wa bei ileile, na mtu mwenye miguu miwili mizima anayedanganya ili apate nafasi ya masanduku yake anamfungia mwenzake nje ya meli nzima. Hana pengine pa kwenda yule mwenzake. Lakini kanuni hizohizo zinairuhusu kampuni kuchunguza ikiwa ina sababu ya kushuku udanganyifu, na kudai tamko la maandishi kutoka kwa anayebuku. Ukiona mambo yanakwenda kombo, ulizia hilo kwa jina lake. Kila kampuni inayoguswa na kanuni hizi inapaswa kuwa na ofisa wa kutatua malalamiko ya abiria wenye ulemavu, na unayo haki ya kuongea naye.

Mtego mmoja wa kuuepuka: kuna bei nafuu ambazo kampuni huchagua chumba yenyewe, siku chache kabla ya safari, na wewe unaahidiwa daraja tu. Mtu wa kiti cha magurudumu asiziguse. Buku chumba chenye namba, mapema iwezekanavyo, mwaka mmoja kabla si mapema mno. Kisha jaza fomu ya mahitaji maalumu, kwa sababu kubuku chumba pekee hakuiambii kampuni kwamba unahitaji kiti cha shawa au msaada wa kupanda.

“Meli zenyewe zina bendera ya Bahamas. Sheria ya Marekani itazifanya nini?”

Swali hili lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na lilijibiwa. Nalipenda jibu lake kwa jinsi lilivyopatikana.

Mwaka 1998 na 1999, Douglas Spector na wenzake, baadhi yao wakiwa watu wenye ulemavu na wengine waliowasindikiza, walisafiri na meli za Norwegian Cruise Line kutoka Houston, jimbo la Texas. Walipokwenda mahakamani walieleza mambo mengi: vyumba vingi, hata vile vizuri zaidi, vilikuwa na milango myembamba na vizingiti visivyopitika, watu wenye ulemavu walitozwa zaidi kwa vyumba wanavyoweza kuvitumia, walitakiwa kusaini kwamba hawataidai kampuni lolote likitokea, walitakiwa kuwa na msindikizaji, na vifaa vya kuokolea wakati wa dharura viliwekwa mahali wasipoweza kupafikia. Kampuni ilijibu kwa hoja ya bendera. Meli zimesajiliwa Bahamas, kwa hiyo Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, iliyosainiwa na Rais George H. W. Bush Julai 1990, haizihusu. Mahakama ya rufaa ikakubaliana na kampuni.

Tarehe 6 Juni 2005 Mahakama ya Juu ikaikataa hoja hiyo. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba meli ya kigeni inayofanya biashara katika maji ya Marekani, ikiuza tiketi kwa Wamarekani na kupakia abiria katika bandari za Marekani, haiwezi kujificha nyuma ya bendera yake ili iwabague abiria hao. Kutoza bei kubwa zaidi au kudai msindikizaji hakuna uhusiano na mambo ya ndani ya meli ambayo nchi ya bendera ndiyo yenye kauli. Lakini sheria ni msumeno, na hapa ulikata upande wa pili pia: kampuni hailazimiki kuondoa kizuizi ikiwa kukiondoa kutaifanya meli ivunje mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS, au kuhatarisha watu waliomo. Nitalirudia hilo, kwa kuwa limegeuzwa kuwa kisingizio.

Kwa upande wa Ulaya, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 ilianza kutumika tarehe 18 Desemba 2012. Kampuni inayopakia abiria katika bandari ya nchi mwanachama hairuhusiwi kukataa kumuuzia mtu tiketi kwa sababu ya ulemavu, isipokuwa pale ambapo usalama, au umbo la meli au la bandari, kweli havimruhusu kupandishwa na kusafirishwa salama. Ikikataa, lazima itoe sababu. Na ikikuharibia kiti kwa kosa lake, inawajibika kulipia ukarabati au kiti kingine. Wanaosema “wakikivunja, hasara ni yako” hawajaisoma.

“Chumba cha kiti cha magurudumu ni ghali zaidi, na lazima uwe na msaidizi.”

Bei kwanza. Katika safari zinazoguswa na sheria ya Marekani, huwezi kutozwa zaidi kwa sababu chumba kina mlango mpana. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni bei ya chumba cha ndani. Chenye roshani ni bei ya chenye roshani. Linalotokea ni kwamba vyumba vya bei ya chini vinaisha mapema, mtu anabaki kuchagua kati ya cha ghali na kukaa nyumbani, halafu anahitimisha kwamba vyote ni ghali. Dawa yake ni ileile ya kubuku mapema.

Msaidizi ni suala lenye pande mbili. Kanuni za Marekani haziiruhusu kampuni kukudai uje na mtu mwingine kama sharti la kusafiri. Za Ulaya zinaruhusu sharti hilo pale linapohitajika kabisa, na hapo kuna tofauti inayowapita wengi: katika feri na meli za kawaida za abiria, msaidizi huyo husafiri bure, lakini katika meli ya kitalii hasafiri bure. Kwa hiyo ukiambiwa na rafiki kwamba alivuka na mkewe bila kumlipia tiketi, huenda anasema kweli kuhusu feri.

Halafu kuna ukweli ambao hakuna kanuni inayouondoa. Wahudumu wa meli watakusukuma kwenye daraja la kupandia, watakubebea sahani mezani, lakini hawatakuogesha, hawatakuvisha, hawatakugeuza usiku. Kampuni zenyewe husema hivyo waziwazi. Anayehitaji msaada huo aje na mtu wake, kwa hiari yake na kwa mpango wake. Kukatazwa kusafiri peke yako ni jambo moja; kujua ni nini utakachokihitaji ni jambo jingine, na watu wazima wenye ulemavu wanalijua vizuri kuliko wakala.

“Meli ni chuma. Vizingiti ni vya usalama, haviwezi kuondolewa.”

Baadhi ya vizingiti ni vya usalama kweli. Mlango unaozuia maji au moto umejengwa kwa kanuni zake, na hakuna mwenye akili anayetaka uchezewe. Hilo ndilo Jaji Kennedy alilolilinda. Lakini kizingiti cha bafu la dada yangu hakikuwa kinazuia bahari isiingie. Kilikuwa kinazuia maji ya shawa yasimwagike kwenye zulia, na kazi hiyo hufanywa vizuri na sakafu yenye mteremko kidogo na tundu la kutolea maji. Hata pale kizingiti kinapolazimu, kiteremko cha kuwekwa na kuondolewa kinatosha mara nyingi. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mapendekezo ya namna ya kubuni na kuendesha meli za abiria kwa kuzingatia wazee na watu wenye ulemavu tangu mwaka 1996. Meli iliyochorwa baada ya hapo haiwezi kusema haikujua.

Anayedhani haiwezekani ailinganishe hoja yake na meli mbili za matanga za Uingereza, Lord Nelson na Tenacious. Lord Nelson ilianza safari mwaka 1986, Tenacious ikafuata mwaka 2000, zote za Jubilee Sailing Trust. Zilibuniwa tangu mwanzo ili watu wenye ulemavu na wasio nao wawe mabaharia pamoja, wakishika zamu pamoja. Zilikuwa na lifti za viti vya magurudumu kati ya sitaha na sitaha, njia pana za kupitia, na mtu aliweza kuvutwa kwa kamba hadi juu mlingotini akiwa kwenye kiti chake. Kati ya mwaka 2012 na 2014 Lord Nelson iliizunguka dunia. Taasisi ile iliishiwa fedha na kufunga shughuli mwaka 2023, na nasikitika kila ninapoikumbuka. Lakini haikushindwa na chuma wala na kizingiti. Sasa nielezwe: kama meli ya matanga, inayolala upande upepo ukishika, iliweza, meli yenye kiwanja cha kuteleza kwenye barafu inashindwa nini kuhusu mlango wa bafu?

“Ukishapata chumba, umemaliza.”

Hapa wanakosea hata wale wenye nia njema. Chumba ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni kushuka.

Si kila bandari ina gati la meli kubwa. George Town katika Grand Cayman, Santorini kule Ugiriki, Cabo San Lucas nchini Mexico: meli hutia nanga nje, na abiria huteremshwa kwa boti ndogo. Mtu wa kiti cha umeme mara nyingi hukataliwa kabisa kwenye boti hizo, kwa kuwa kiti peke yake kina uzito ambao wahudumu hawawezi kuunyanyua. Wa kiti cha mkono hutegemea hali ya bahari siku hiyo, na uamuzi ni wa nahodha. Zipo meli zilizolitafutia jambo hili ufumbuzi. Baadhi ya meli za Holland America zina mtambo wa kukiingiza kiti kwenye boti, na Celebrity Edge, iliyoanza safari mwaka 2018, ina jukwaa linalopanda na kushuka ubavuni mwa meli ambalo hushushwa karibu na maji wakati wa kupakia boti. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua ratiba ya bandari zote na uulize kila moja: gati au boti? Safari yenye bandari nne ambayo tatu ni za boti inaweza kumfanya mtu aione Ugiriki kwa dirishani. Santorini, hata ukifika bandari ya zamani, mji uko juu ya jabali, kwa ngazi zaidi ya 580 au kwa gari la waya.

Hata penye gati, daraja la kupandia lina mteremko wake. Sisi wa pwani tunajua maji ya bamvua yanavyofanya gatini: saa chache tu na kilichokuwa usawa kimekuwa mlima. Alaska, mahali kama Juneau na Ketchikan, tofauti ya kujaa na kupwa ni ya mita kadhaa, na njia iliyokuwa nyepesi asubuhi inaweza kuhitaji watu wawili wa kusukuma mchana. Dawati la abiria lina jedwali la maji. Liulize muda mzuri wa kushuka na wa kurudi, upange siku yako kulingana nao.

Skuta za umeme nazo zina masharti. Kampuni hazikubali iachwe kwenye ujia, kwa kuwa ujia ni njia ya kukimbilia wakati wa hatari. Lazima ilale ndani ya chumba. Skuta isiyopita mlango wa chumba cha kawaida haina pa kulala. Wapo wanaodhani kwamba, kwa vile wanaweza kutembea hatua mbili tatu, watabuku chumba cha kawaida na kuiegesha skuta nje. Hawataruhusiwa.

“Kama bahari ni ngumu, nenda za mtoni, ni tulivu.” Utulivu upo, nafasi haipo. Meli za Rhine na Danube hubanwa na malango ya maji na madaraja: upana wake hauzidi sana mita 11, urefu kwa kawaida unaishia mita 135, na nyingi hazina lifti ya kufika sitaha ya juu. Vyumba vya kiti cha magurudumu ni vichache mno au hakuna. Mijini hufungwa ubavu kwa ubavu, na ili ufike nchi kavu unapita ndani ya meli za watu wengine, ukipanda na kushuka. Isipokuwa upate meli iliyojengwa kwa kusudi hilo, kama ile ya chama cha Zonnebloem cha Uholanzi iliyoanza kazi mwaka 2006, bahari ndiyo rahisi.

“Mwanangu, mtu aliyeko kwenye kiti anatafuta nini baharini? Mbona ana shida kubwa kuliko hizo?”

Hili ni la shangazi yangu, naye hulisema kwa huruma, kwa hiyo namjibu kwa heshima. Shangazi, shida kubwa zipo na tunazidai pia: shule, kazi, matibabu, vivuko vya barabarani. Lakini hakuna anayekuuliza wewe umemaliza shida gani kabla ya kwenda harusini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, una kifungu cha 30 kinachotaja burudani, mapumziko na michezo kama haki. Waliouandika walijua kwamba mtu anayeruhusiwa kutoka nje kwa sababu ya hospitali tu anafanywa mgonjwa maisha yake yote. Dada yangu si mgonjwa. Anatumia kiti.

“Na meli ikipata ajali? Atakuwa mzigo kwa wengine.”

Nimeliacha hili mwisho kwa kuwa ndilo zito, na kwa kuwa ndilo ambalo watu wenye ulemavu wenyewe hulifikiria usiku. Meli ya kitalii ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa. Wengi wa waliokuwemo walikuwa wazima wa miguu, na miguu yao haikuwapa mpangilio uliokosekana. Kilichowaponza ni uongozi uliochelewa kutoa amri na abiria ambao baadhi yao hawakuwa bado wamefanya zoezi la dharura. Tangu Januari 2015 zoezi hilo lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Kuhusu abiria anayehitaji msaada, SOLAS haikukaa kimya. Inataka majina na maelezo ya watu waliotangaza kwamba watahitaji msaada maalumu wakati wa dharura yaandikwe na kufikishwa kwa nahodha kabla meli haijaondoka. Maana yake, nahodha anatakiwa kujua kwamba uko chumba fulani, sitaha fulani, na huwezi kushuka ngazi. Lifti huwa hazitumiwi katika dharura, kwa hiyo meli zina viti maalumu vya kushushia watu kwenye ngazi, na wahudumu waliopangiwa kazi hiyo. Anayemwita mtu huyo mzigo anasahau kwamba mtoto wa miaka mitatu naye habebi boya lake mwenyewe, na hakuna anayependekeza watoto waachwe nyumbani.

Lakini orodha ya nahodha huanza na wewe. Asiyejitangaza hayumo. Wako wanaoficha kwa kuogopa kukataliwa tiketi, na ndiyo maana nimeitaja sheria kwa kirefu: hawawezi kukukataa kwa sababu tu ya kiti, kwa hiyo huna sababu ya kujificha. Siku ya kupanda, kabla hujafungua sanduku, nenda dawati la abiria na uulize mambo matatu. Jina langu limo kwenye orodha ya nahodha? Kiti cha kushushia kilicho karibu na chumba changu kiko wapi? Kengele ikilia, ni nani atakayekuja mlangoni kwangu, na nikimbilie wapi kumsubiri? Kama jibu ni “usijali, tutakutafuta”, omba kuonana na ofisa wa usalama, na umuulize maswali hayohayo upya meli ikiwa bado imefungwa gatini.